Jumamosi Nane za Umeme

Mguu wa kulia wa Umeme haukujua kupumzika. Ulikuwa umekanyaga pedali ya cherehani miaka thelathini na moja, na sasa ulikanyaga hata pasipo pedali: kitandani, msibani, kwa daktari wa meno mdomo ukiwa wazi. Jina la Umeme alipewa na wifi yake, aliyekaa cherehani ya pili katika karakana yao ya vyumba viwili, kwa sababu gauni zima la muuguzi, na mifuko yake na matundu ya vifungo, halikumchukua zaidi ya nusu saa. Hospitali ilimpenda kwa kasi hiyo. Shule tatu zilimpenda. Hata yeye mwenyewe alijipenda kwayo, kwa nini tuseme uongo.

Tatizo ni kwamba kasi ikishazoea mikono haibaki mikononi. Umeme alikuwa hakai akakalika. Chai aliinywa amesimama. Mtu akitafuta neno, yeye alikuwa ameshalipata na kumkabidhi. Alimalizia maneno ya wateja, ya wanawe wawili kabla hawajahama nyumbani, ya mtangazaji redioni, na mara nyingi, tumpe haki yake, alipatia.

Mumewe alikuwa wa namna nyingine kabisa. Alikuwa mpimaji ardhi, ana mwaka mmoja tangu astaafu, mtu aliyezoea kusimama nyuma ya darubini akingoja mwenzake wa upande wa pili wa shamba ashike mlingoti wima. Alizungumza hivyo hivyo: neno, nafasi, neno. Kila Jumapili alichukua ufito wake wa kuvulia akaenda mtoni, na jioni alirudi uso umemlainika.

Siku moja baada ya kazi aliingia karakanani na barua mkononi. Wifi alikuwa ameshaondoka. Umeme alikuwa anapinda pindo la suruali ya kumi na tisa kati ya ishirini.

"Mama watoto," alisema mumewe, "wamenipa ile kazi ya kule juu. Kwenye kituo cha kupima maji ya mto. Asubuhi unasoma kina, jioni unasoma kina. Kuna nyumba, vyumba viwili. Kuanzia tarehe mosi, mwezi wa tatu kutoka sasa." Akanyamaza, akaigeuza barua. "Sasa nilikuwa nafikiri kwamba..."

"Kwamba utakwenda peke yako," alisema Umeme bila kuinua kichwa. "Nenda tu, baba watoto. Nani amekushika miguu? Mimi na ule ukimya wa kule, na wateja wangu wako huku, tutaelewana wapi?"

Sindano ilikwenda mpaka mwisho wa pindo. Alipoukata uzi ndipo alipomtazama. Mumewe alikuwa amefungua mdomo kidogo, kisha akaufunga, akaikunja barua mara nne.

"Haya," alisema.

Hiyo "haya" ndiyo iliyomtoa Umeme usingizi. Angekasirika, wangegombana, wakigombana, wangepatana. Walikuwa wamegombana vizuri maisha yao yote. Lakini mtu anayesema "haya" halafu wiki inayofuata akaleta sanduku tupu, na wiki ile nyingine akaanza kupanga vitabu ndani yake taratibu, utampatia wapi? Umeme alimpenda yule mtu. Hakuwa amelisema hilo siku nyingi, kama vile mtu hasemi kwamba anapumua, na sasa alitembea nyumbani roho juu, akipangusa meza zilizokwisha kupanguswa, akihesabu wiki. Zilikuwa zimebaki kumi. Baada ya hizo kumi angeachwa, na kuachwa kwenyewe kwa upole, bila hata mlango kubamizwa.

Akafikiri kama alivyofikiri siku zote, yaani mbio. Mto ndio uliomchukua mume. Mto ulikuwa na kitu alichokikosa nyumbani, na kitu hicho lazima kilikuwa ukimya. Basi yeye angejifunza huo ukimya. Angejifunza kuvua, asimame kando yake Jumapili moja bila kufungua kinywa, amwone, ajue kwamba hata kule juu mkewe angeweza kukaa. Kumwomba mumewe mwenyewe amfundishe halikuwa jambo la kufikiria. Aliwahi kumfundisha kuendesha gari, na siku ile walirudi nyumbani kila mtu kwa njia yake, mmoja kwa gari na mmoja kwa miguu.

"Unataka kujifunza kukaa kimya?" alisema wifi yake. "Wewe? Cherehani ikikosa umeme wewe ndiye unayeendelea kunguruma."

"Kaka yako anaondoka, wifi."

Wifi aliacha kucheka. Alimjua kaka yake, na alijua pia kwamba "haya" yake ilikuwa "haya" kweli.

Mtu wa kwanza ambaye Umeme alimwendea ni mwenye duka la vifaa vya kuvulia. Aliuliza wapi pa kujifunza, akatoka na kofia, miwani ya kuzuia mng'ao wa maji, na kitabu cha picha ambamo mzungu mmoja alisimama ndani ya maji mpaka kiunoni akitabasamu kurasa mia mbili. Mwenye duka alikuwa hodari wa kuuza, na swali lake hakulijibu. Mtu wa pili alikuwa bwana mmoja wa chama cha wavuvi, aliyekubali kumfundisha Jumamosi asubuhi kwenye bwawa la nje ya mji. Kwa saa mbili Umeme alimshikia koti huku bwana yule akirusha mshipi, akieleza namna alivyourusha, akirusha tena, akieleza namna ambavyo wengine hawawezi kuurusha hivyo. Mwishoni alimwambia, "Umeona?" Umeme alikuwa ameona. Ufito wenyewe hakuugusa.

Wiki mbili zikawa zimekwenda. Zikabaki nane.

Mwalimu alikuja mwenyewe, tena amebeba kazi. Siku ya Jumatatu aliingia mama mmoja mfupi, mnene, wa miaka sabini hivi, anatafuna bazoka kama msichana wa shule, akatupa juu ya meza kizibao kilichojaa mifuko. Alisema ni mifuko kumi na saba na kwamba anataka wa kumi na nane, hapa ubavuni, wa kutia miwani, maana akiinama miwani inaangukia mtoni. Umeme alikipokea kizibao, akakigeuza, na ndoana ndogo iliyovikwa manyoya ikamchoma kidole gumba.

"Pole, hiyo niliitafuta wiki nzima," alisema yule mama. Alimshika kidole, akaizungusha ndoana kidogo, akaichomoa kwa mkono ambao Umeme hakuusikia kabisa. "Mkunga," alijitambulisha. "Miaka arobaini. Vitu vya kutoka mahali pagumu nimevizoea."

"Unavua kwa nzi wa bandia kama huyu?" aliuliza Umeme.

"Ndiyo. Kwa nini?"

Hapo Umeme akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa mtu yeyote tangu akiwa mwanafunzi wa ushonaji. Alisema hajui kitu, hata kidogo, kwamba amenunua kofia na bado hajui, na kwamba ana wiki nane. Alisema yote kwa pumzi moja, uso umemwaka moto.

"Mficha uchi hazai," alisema Mkunga, "na wewe umeshafunua. Jumamosi saa mbili, uwanja wa mpira nyuma ya kituo cha zimamoto. Mfuko wangu utanishonea bure, nami nitakufundisha bure. Na hiyo kofia iache nyumbani, utafanana na uyoga."

Jumamosi ya kwanza hawakuona maji. Mkunga alimpa ufito uwanjani, mwisho wa mshipi amefunga kipande cha sufi nyekundu badala ya ndoana, akamweleza jambo lenyewe. Samaki wa maji baridi yale hawakuhangaika na minyoo. Walikula wadudu wanaoelea, na mvuvi aliwadanganya kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyovikwa uzi na unyoya, nyepesi kiasi kwamba huwezi kuirusha kama jiwe. Unachorusha ni mshipi wenyewe. Unauvuta nyuma yako hewani, unangoja unyooke wote kule nyuma, ndipo unaupeleka mbele, nao unambeba nzi na kumtua majini kama alishuka mwenyewe.

"Unangoja muda gani?" aliuliza Umeme.

"Muda wake."

Umeme alivuta nyuma, akapeleka mbele. Mshipi ulilia tah, kama kiboko cha mchunga ng'ombe, na sufi nyekundu ikaruka peke yake mpaka golini.

"Hukuungoja," alisema Mkunga.

"Nimeungoja."

"Umeungojea wapi, kichwani? Mdogo wangu, sikiliza. Ukivuta nyuma, muulize mshipi: hujambo? Halafu nyamaza ujibiwe. Ukishanyooka, utakuvuta mkono kidogo, hivi. Hiyo ndiyo sijambo yake. Hapo ndipo unakwenda mbele. Wewe umeuliza hujambo na ukajijibu mwenyewe."

Asubuhi nzima Umeme alisimama katikati ya uwanja akiuamkia mshipi kwa sauti, wazima moto wakimtazama kutoka ghorofani. Tah. Hujambo, tah. Alichukia. Kile kitambo cha mshipi kuwa nyuma, asikokuona, kilimfanya ahisi kwamba kuna kitu kinaharibika huko na yeye hafanyi lolote. Mikono yake ilijua jambo moja, nalo ni kwamba kazi ikisimama, imekufa. Saa saba kasoro, bega limemvimba, mshipi ukamjibu. Mkono ulivutwa kidogo tu, kama mtoto anayekushika upindo wa nguo. Akapeleka mbele, sufi ikatua majanini bila kelele.

"Basi," alisema Mkunga, akatema bazoka. "Nenda nyumbani kabla hujaharibu."

Nyumbani alikuta sanduku la pili. Mumewe alikuwa amelifunga kamba, akaandika juu yake kwa herufi zake safi za ramani: VYOMBO, KIMOJA KIMOJA. Sahani moja, kikombe kimoja, sufuria moja. Umeme alisimama mbele ya sanduku lile, akazungumza juu ya bei ya nyuzi dakika ishirini nzima, kwa sababu kama angenyamaza angelia. Mumewe alisikiliza. Mara mbili alivuta pumzi ya mtu anayetaka kusema, na mara mbili bei ya nyuzi ikampita.

Jumamosi ya tatu wakaenda bwawani, na huko likazuka la mguu. Umeme alisimama ukingoni amebana midomo kwa nguvu zote, maana alidhani huo ndio ufundi, na samaki wote wa upande wake wakahamia upande wa Mkunga, ambaye alikuwa akiongea tangu alfajiri. Aliongea juu ya magoti yake, juu ya mapacha waliozaliwa tarehe mbili tofauti, juu ya daktari mmoja aliyezimia. Na huku akiongea alivuta samaki wawili.

"Mbona wewe unapiga kelele na unapata?"

"Samaki hasikii mdomo, anasikia miguu. Tazama mguu wako."

Umeme alitazama. Mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga jiwe, pa-pa-pa-pa, na maji mbele yake yalikuwa yanatetemeka pete ndogo ndogo.

"Nani alikwambia uvuvi ni kunyamaza?" aliuliza Mkunga.

"Mume wangu anakuja mtoni kutafuta ukimya."

"Alikwambia hivyo?"

Umeme alifungua mdomo ajibu, na kwa mara ya kwanza jibu halikuwepo mahali pake. Mkunga hakulifuata. Alisema yeye anafundisha mambo ya samaki. Mambo ya waume alishastaafu.

Katika kutengeneza nzi, kwa upande mwingine, alikuwa bingwa tangu siku ya kwanza. Hapo Mkunga ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Umeme alifunga unyoya juu ya ndoana ndogo kuliko kucha, akauzungushia uzi mara saba, akakata, na yule nzi angeweza kuruka dirishani. Wifi aliomba mmoja wa kuvaa kifuani. Jumamosi ya tano samaki mmoja mzito aliamini pia. Alipanda kutoka kwenye giza la chini ya mti ulioanguka, akammeza nzi bila haraka, na ufito ukapinda mpaka majini. Umeme hakupiga ukelele. Alishikilia, akaachia kidogo, akashikilia, kama alivyofundishwa, na samaki akaja, ubavu wake ukaonekana, wa rangi ya shaba. Halafu mshipi ukalegea, ukarudi mikononi mtupu. Nzi alikwenda naye.

Mkunga aliivuta ncha ya nailoni, akaivalia miwani. "Fundo hili ulilikata wapi?"

"Hapo hapo. Karibu kabisa na fundo. Kazi safi haiachi mkia."

"Nailoni si uzi wa nguo. Ikivutwa, fundo hujikaza, na likijikaza hula ule mkia. Usipouachia mkia, linakula mpaka linafunguka. Umemaliza upesi mno." Akamwonyesha kwa kucha ni kiasi gani cha kuacha. Mafundi wengine wote hukosea kwa kufanya kazi chafu. Fundi cherehani tu ndiye aliyeweza kumpoteza samaki yule kwa usafi. Mkunga alicheka mpaka akakaa chini. Umeme hakucheka. Alikaa kando yake akitazama maji, na alikuwa na huzuni kubwa kuliko samaki.

Jumamosi ya nane Mkunga alimwambia sasa anajua kutosha kuaibika mbele za watu, na hicho ndicho cheti. Alimwazima ufito. Siku nne zilibaki kabla ya tarehe mosi. Masanduku yalikuwa matano, yamepangwa ukutani kwa ukubwa, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya mwisho.

Mumewe aliondoka asubuhi kama kawaida. Umeme alimpa saa moja, naye akaenda. Njiani alijipanga. Hatamsemesha. Atasimama hatua kumi chini yake, atarusha mshipi, atavua, na mumewe atamtazama, na jioni wakirudi hakutakuwa na haja ya kusema chochote. Alitembea juu ya nyasi tu, akiepuka mawe, mguu wake umetulia kama mguu wa mtu mwingine.

Kabla hajafika kwenye kona ya mto akasikia mwanamume anacheka. Kilikuwa kicheko kinachoanzia chini, kinapanda, kinavunjika. Akafikiri, huyu naye atamfukuzia mume wangu samaki. Kisha akasogeza matete akaona.

Mumewe alikuwa amekaa juu ya gogo katikati ya wazee wawili, fito zimelazwa chini, na alikuwa anaongea. Mikono yake ilikuwa hewani. Alikuwa akisimulia ile habari ya majirani wawili waliogombania mpaka, na mbuzi aliyekula vigingi vya upimaji, na alisimulia kwa ukamilifu, akiiga sauti ya jirani huyu na ya jirani yule, akinyamaza mahali pa kunyamaza. Wazee wale walingoja. Alinyamaza hata mtu angeweza kunywa kikombe cha maji, nao wakangoja tu, mmoja amefunga macho kwa raha. Ndipo akawapa mwisho, nao wakaanguka kwa kicheko.

Umeme aliijua hadithi ile. Mumewe alimletea siku ile ile ilipotokea, miaka mingi nyuma, na alipofika kwa mbuzi yeye akasema, "Akala vigingi," akaendelea kushona.

Kwa hiyo ukimya haukuwa wa mtoni. Ulikuwa wa nyumbani, na aliyeushona ni yeye. Ilimuuma hata akataka kurudi kimya kimya alikotoka, lakini matete yalikuwa yameshatikisika. Mumewe aligeuka. Aliutazama uso wake, kisha ufito mkononi mwake, kisha uso tena.

"Karibu, shemeji," alisema mmoja wa wazee. Walikuwa watu wazima, walijua kusoma hali ya hewa. Waliokota fito zao, wakasema watajaribu kule chini kwenye daraja, wakaenda.

"Ufito wa nani huo?" aliuliza mumewe.

"Wa mwalimu wangu."

"Una mwalimu?"

"Jumamosi nane sasa." Alikuwa na mengine mengi ya kuongeza. Aliyaacha.

Mumewe alisogea kidogo kwenye gogo. "Hebu rusha nione."

Umeme alisimama ukingoni. Alivuta mshipi nyuma, midomo ikamchezacheza kwa salamu isiyosikika, ukanyooka, akaupeleka. Nzi alitua ng'ambo ya mkondo, karibu na jiwe, mahali ambapo mvuvi yeyote angependa atue. Mumewe alikuwa anatazama mikono ya mkewe kana kwamba aliwahi kuiona mahali.

"Kumbe unaongea," alisema Umeme, mgongo umemwelekea.

"Naongea."

"Unaongea na wale."

"Wale hawaujui mwisho," alisema mumewe. Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilipenya.

Umeme alikusanya mshipi, akauzungusha kwenye gurudumu lake, akaja akakaa kwenye gogo. Alijiona mzee. "Siku ile ya barua," alisema, "ulikuwa unafikiri nini? Nilikukata kauli. Sema sasa."

Mumewe alilikwaruza gome la gogo kwa kucha. "Nilikuwa nafikiri kwamba," alianza, akanyamaza.

Kinywa cha Umeme kilijaa. Aliziona sentensi zote zimejipanga mlangoni, nzima, zimepigwa pasi. Alizibana kwa meno. Maji yalipita. Mahali fulani samaki aliruka, wote wawili wakasikia, hakuna aliyegeuka.

"Kwamba nataka kwenda peke yangu," alisema mumewe. "Ulimalizia sawasawa."

Umeme alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuambiwa kwamba alipatia. Miezi miwili na zaidi alikuwa amejificha nyuma ya tumaini kwamba alikosea, na sasa hata hilo lilikuwa limekwenda. Neno lilikuwepo la kujibu, tena lilikuwa kali, lingemkata mumewe vizuri sana. Hakulitoa. Mumewe alikuwa bado anakwaruza gogo, na mtu anayekwaruza gogo hajamaliza.

"Miezi mitatu," alisema mumewe hatimaye. "Ndivyo nilivyopanga. Nikae mahali nikianza jambo nalifikisha mwisho, hata kama ni kusoma kina cha maji na kukisema kwa sauti. Nione kama bado nina la kusema. Halafu nije nikuombe uje nami." Akaacha kukwaruza. "Nilikuwa naogopa, mama watoto. Nikikaa hivi nitakuchukia, na sitaki kukuchukia. Ukaniambia nenda, nani amekushika miguu. Nikaona basi, hata ile miezi mitatu hujali."

Umeme alilia, kwa sababu kulia hakumkatizi mtu kauli. Mumewe alimwacha alie. Hakumgusa, lakini pia hakusogea mbali.

"Nilifunga masanduku taratibu makusudi," alisema baadaye. "Nilifikiri utauliza." Kisha akasema, "Na sasa sijui kama," akanyamaza tena.

Ukimya huo ulikuwa mrefu kuliko wote. Kama nini? Kama nitarudi. Kama nakutaka. Kama umebadilika au umejifunza mchezo wa Jumamosi nane tu. Umeme alijaribu kila mwisho kimoyomoyo na kila mmoja ulimchoma, na hakuna hata mmoja aliokuwa na hakika nao. Mkono wake ulikamata gome la gogo. Aliona kivuli cha mti kikihama kutoka jiwe moja hadi jiwe la pili. Mumewe alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

"Sijui kama miezi mitatu si mingi," alisema.

Jibu la Umeme lilikuwa tayari tangu neno la pili. Alimtazama usoni kwanza, ahakikishe kwamba amefika mwisho wake, na alipoona amefika, akamwambia ni mingi.